Raketi nzito imenirudishia mchezo: ni uzito wenyewe au kuna jengine?

#1 MpiraWaAlasiri (Malindi)
Salaam, jamaa wa tenisi.

Miaka 6 nimecheza na raketi nyepesi, gramu 270. Muuzaji aliniambia mtu wa umri wangu (nina 48) anataka raketi isiyomchosha mkono, nikamwamini. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka Malindi akaniachia yake ya zamani. Jirani yangu hununua samaki, ana mzani wa dijitali. Nikaiweka pale: gramu 352. Nilipoishika mara ya kwanza nilihisi nimeshika mchi.

Sasa ni wiki 3. Zamani mpira ukinijia kwa kasi ulikuwa ukiigeuza raketi mkononi mwangu, nauona kabisa uso wake ukipinduka, mpira unaangukia nje ya mstari. Siku hizi naziba tu, yaani naitega raketi bila kuchapa, mpira unarudi mrefu mpaka karibu na mstari wa nyuma. Alhamisi nimemfunga mtu ambaye sijawahi kumfunga tangu 2019: 6–4, 7–5. Lakini kwenye sevu, lile pigo la kuanzisha mchezo, nachoka. Seti ya pili ikifika gemu ya nane bega linagoma, mipira inaishia kwenye neti.

Dai langu: waliotuambia tununue nyepesi walitupoteza. Mnaojua niambieni nimekosea wapi, kwa sababu kila Jumamosi nafundisha watoto 11 na nataka kujua niwape nini mkononi.

#2 Mdau_Tanga
Hongera mkuu kwa ushindi. Ila angalia usije ukaingia mashindano na hiyo, sheria ina kikomo cha uzito.

#3 KochaSaruji (Malindi)
Mdau #2, hapana. Sheria za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, zinaweka kikomo cha urefu, sentimita 73.7, na upana, sentimita 31.7. Uzito haukutajwa kikomo. Ukiweza kuibeba, cheza nayo.

MpiraWaAlasiri, swali langu ni hili: hizo gramu 270 umepima wewe au umesoma kwenye fremu?

#4 MpiraWaAlasiri
Nimesoma kwenye fremu, mwalimu.

#5 KochaSaruji
Basi umelinganisha moja ikiwa uchi na nyengine ikiwa imevaa. Namba ya kwenye fremu ni ya raketi bila nyuzi. Nyuzi zinaongeza gramu 16 hivi, na gripu ya juu, ule utepe wa kuzungushia mpini, kama 5. Hiyo ya 270 ukiipima leo utapata 290 au hapo karibu. Tofauti bado ni kubwa, lakini si 82 kama ulivyodhani. Na hiyo nzito, ina gripu ngapi juu?

#6 MpiraWaAlasiri
Nimerudi kwa jirani. Nyepesi: 290 kamili. Nzito nimeifungua mpini: ina gripu 3 juu ya ile ya asili! Yule mgeni alikuwa na kiganja kikubwa.

#7 BintiMuyeye
Mimi nina kisa kinyume na cha MpiraWaAlasiri, na ningependa akisome kabla hajawapa watoto.

Mwaka juzi niliuziwa raketi ya gramu 330 bila nyuzi, nikaambiwa hiyo ndiyo ya wachezaji wa kweli. Nina kilo 54. Nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu ajabu, mpira unatoka na sauti nzito, hata waliokuwa nje ya uzio waligeuka. Baada ya hapo nikawa nachelewa. Forhandi yangu yote, pigo la upande wa mkono wa raketi, ikawa inagonga mpira ukiwa umeshafika ubavuni badala ya mbele, na ukigonga ubavuni unausukuma kwa kiwiko. Miezi 2 nikawa siwezi kumimina chai kwa mkono wa kulia. Birika likijaa nalishika kwa mikono miwili mbele ya wageni.

Nimerudi kwenye 300, maumivu yamekwisha. Bekhandi (pigo la upande wa pili) ya mikono miwili, hapo nakiri ile nzito ilikuwa bora. Mikono miwili inaibeba.

#8 MzeeWaMbao (Malindi)
Wanangu, mnazungumza gramu 352 kama jiwe la nanga. Sisi tulioanza kuokota mipira hotelini miaka ya 1970 tulikuta raketi za mbao, gramu 370 mpaka 400, na kichwa kidogo, inchi za mraba 65 au 70. Watoto wembamba tulicheza nazo, za kurithi, nyuzi zimekatika pembeni. Hatukupiga kwa nguvu. Raketi ilikuwa inafanya kazi yenyewe, wewe unaielekeza. Borg alishinda Wimbledon 1980 kwa mbao, akawa wa mwisho.

#9 Mbuyu77
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo: wa mwisho kushinda Wimbledon upande wa wanaume kwa mbao ni McEnroe, 1981. Na Noah alishinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, kwa mbao 1983.

#10 MzeeWaMbao
Marahaba. Ni kweli, McEnroe, na fainali alimfunga huyo huyo Borg. Ahsante kunikumbusha.

#11 MwalimuGede
Mimi nasomesha fizikia na nacheza vibaya, lakini jambo hili nalipenda.

Alichokiona MpiraWaAlasiri kwenye #1, uso wa raketi kupinduka, kina maelezo. Mpira wa tenisi una gramu 56 mpaka 59.4. Unakaa kwenye nyuzi milisekunde 5 hivi, kisha umeondoka. Katika muda huo mkono haupati hata habari, misuli haiwahi kufanya lolote. Kinachoshindana na mpira ni raketi yenyewe, uzito wake na mahali uzito huo ulipokaa. Mpira ukigonga pembeni ya katikati, fremu nyepesi inazunguka kwenye mpini. Fremu nzito inakataa. Kwa hiyo unapoziba, nzito inakupa mpira mrefu bila ya wewe kuongeza chochote.

Lakini uzito jumla hausemi yote. Kuna uzito wa mzani na uzito wa kuzungusha. Gramu 1 ukiiweka kitakoni mwa mpini, mkono hauijui. Gramu hiyo hiyo ukiiweka kileleni mwa kichwa, unaihisi kila sevu, kwa sababu umbali unajizidisha wenyewe: umbali mara umbali. MpiraWaAlasiri, naomba uniletee zote mbili Jumapili, tuzipime nyumbani kwangu.

#12 FundiTezo (Lamu)
Mimi nina yambo moya. Sichezi tenisi, nachonga mashua, lakini haya mnayosema ni ya tezo.

Kijana mgeni akija karakanani hutaka tezo nyepesi. Ataipiga kwa nguvu, ulimi unaruka juu ya mbao, unaacha makovu. Tezo nzito unaiinua kisha unaiacha ishuke. Kazi yako ni kuielekeza. Jioni kijana wa tezo nyepesi ndiye anayelia na mkono, kwa kuwa alikuwa akisukuma kutwa. Mzee wa #8 amesema kweli tupu.

#13 Mdau_Tanga
Fundi "yambo moya", karibu sana. Nilikuwa sijasikia Kiamu humu siku nyingi.

#14 MwalimuGede
Fundi, mfano wako ni mzuri ila una shimo moja. Tezo inashuka, ardhi inaivuta, unasaidiwa. Raketi kwenye forhandi ya kisasa inapanda: unaanza chini ya mpira, unasugua kwenda juu ili mpira ujizungushe na uangukie ndani. Hapo kila gramu unailipia wewe. Ndiyo maana mzee wa mbao aliweza, wao walipiga mpira bapa au kuukata kwa chini. Tezo inafanana na sevu tu, na hata sevu kwanza lazima uirushe raketi juu.

#15 FundiTezo
Nimekuelewa, mwalimu. Basi chukua kasia. Kasia lenye bapa zito linakata maji bila kutetemeka, lakini mpigaji akichoka, la bapa zito ndilo analoliacha kwanza. Yote mawili yamo ndani ya kasia moya.

#16 NairobiHadiPwani
Mnaruka kitu kikubwa. Mimi nacheza Nairobi, huja Malindi Disemba kwa wazazi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unapaa. ITF ina mpira maalumu wa sehemu za juu ya mita 1,219 kwa sababu hiyo. Nikishuka Malindi, raketi ile ile, nyuzi zile zile, mpira unafia katikati ya uwanja wa mwenzangu. Wiki nzima najihisi nimedhoofika. Kwenye usawa wa bahari mtu lazima aongeze kitu: nguvu au uzito. Yule mgeni labda alijua anakuja wapi.

Kwa hiyo raketi nzito inaweza kuwa dawa ya Malindi na isiwe dawa ya Nairobi.

#17 NyundoYaKusi (Malindi)
Nimeusoma uzi huu tangu juzi nikinyamaza. Mimi ndiye niliyefungwa Alhamisi.

Sina kinyongo, MpiraWaAlasiri ni kaka yangu na alicheza vizuri. Lakini kabla hamjaijengea raketi hiyo mnara kama ule wa Vasco da Gama, sikieni yaliyokuwepo uwanjani. Kusi ilikuwa inavuma, mchanga unatambaa juu ya saruji. Mipira ilikuwa ya wiki 2, haina manyoya. Mimi mchezo wangu wote ni mpira wa kujizungusha unaoruka juu ya bega la mtu. Mipira ile haikuruka. Ilimjia kiunoni, mahali anapopapenda, akaniziba kutwa. Ningekuwa na mipira mipya angeipiga akiwa amesimama kwa vidole.

Na upepo unampendelea anayepiga kwa mkono mfupi. Mimi navuta mbali, nikifika mpira umeshahama. Yeye siku hizi anavuta kidogo tu.

#18 KochaSaruji
NyundoYaKusi, umegusa ninachokiona mimi tangu mwanzo. Nimemtazama MpiraWaAlasiri miaka mingi. Na ile nyepesi alikuwa mtu wa kuchapa: raketi inaenda nyuma mpaka inaelekea uzio, kisha inakuja mbio. Sasa ameishika nzito, anajua akichelewa hatawahi. Kwa hiyo anageuka mapema, mpira haujavuka neti bega lake limeshageuka. Nimempigia kelele jambo hilo tangu nimjue, hakunisikia. Raketi imemfundisha kwa wiki 3.

Je, huo ni uzito au ni maandalizi? Mimi nasema maandalizi. Mpe ile nyepesi leo akiwa na mwendo huu mpya, tuone.

#19 Mambrui_Mjukuu
Na Federer je? Alicheza na kichwa kidogo na raketi nzito mpaka anastaafu.

#20 Mbuyu77
Nzito ni kweli, kichwa kidogo si mpaka mwisho. Alikuwa na inchi za mraba 90, kuanzia 2014 akahamia 97. Hiyo ya 97 iliyouzwa kwa jina lake ilikuwa na gramu 340 bila nyuzi, sawa na 357 hivi ikiwa na nyuzi. Sampras ndiye aliyebaki na 85, na juu yake akabandika risasi, inafika karibu gramu 400. Lakini hao ni watu waliokuwa na mguu wa kufika kwenye mpira mapema. Mguu ndio unaobeba raketi nzito.

#21 Mambrui_Mjukuu
Kubandika risasi vipi? Ya bunduki?

#22 MpiraWaAlasiri
Hapana ndugu yangu, risasi ya madini, ile ya chubwi za kuvulia. Kuna utepe wake maalumu, kwetu haupatikani. Mimi nilishawahi kuifanyia ile nyepesi: nikachukua chubwi ndogo, nikaiponda kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, nikaikata vipande viwili sawa na kuvipima, gramu 3 kwa jumla. Nikabandika kushoto na kulia kwa kichwa, kwa ndani ya fremu, na utepe wa umeme juu. Voli, mipira ya kupiga kabla haijadunda, zilitulia siku ile ile. Kisha jasho na chumvi vikaondoa gundi, kipande kimoja kikaruka katikati ya gemu.

#23 Fizio_Kilifi
Naingilia hapo hapo: risasi ni sumu. Anayeiponda anawe mikono kabla ya kula, na isiguswe na watoto wa Jumamosi. Nasema hili kwa uzito wote.

Kuhusu BintiMuyeye #7. Kiwiko cha tenisi kinaanzia kwenye misuli inayoinua kiganja, inayoshikamana na mfupa upande wa nje wa kiwiko. Kuchelewa mpira kunaiumiza, sawasawa alivyoeleza. Lakini wagonjwa ninaowaona wengi wana raketi nyepesi na ngumu, zenye nyuzi za poliesta zilizokazwa kama waya wa uzio. Nyepesi haimezi mtikisiko, inaupitisha mkononi. Kwa hiyo siwezi kuwaambia nzito inaumiza au nyepesi inaumiza.

Na Pwani tuna la ziada: jasho. Mpini ukiloa mtu anaukaba usiteleze. Anaukaba saa 2 nzima, hata kati ya pigo na pigo. Msuli ule haupumziki. Kwa wengine ningebadilisha gripu kabla sijabadilisha raketi.

#24 BintiMuyeye
Ahsante dada. Mpini wangu ulikuwa unateleza kweli, sikuwahi kuuhusisha na kiwiko. Nyuzi pia zilikuwa za poliesta.

#25 MwalimuGede
Tumepima leo. Kijiti chembamba nimekifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya mpini, sentimita 10 kutoka kitakoni, ncha zake zikakaa juu ya viti viwili, raketi ikaning'inia katikati. Unaisukuma kidogo, inapembea kama pendulo. Mke wangu alishika simu akihesabu muda wa mapembeo 20.

Nzito (gramu 352, inasimama sawa kwa sentimita 31 kutoka kitakoni): sekunde 26.6.
Nyepesi (gramu 290, inasimama sawa kwa sentimita 35): sekunde 26.7.

Ukipiga hesabu, uzito wa kuzungusha wa nzito ni 325 na wa nyepesi ni 321, kwa kipimo cha kilo mara sentimita za mraba. Someni tena namba hizo. Mzani wa samaki unaona tofauti ya gramu 62, mkono unaozungusha hauoni karibu kitu! Ile "nyepesi" imerundika uzito kichwani, ile "nzito" imeuweka mpinini. MpiraWaAlasiri alikaa kitini kimya muda mrefu.

#26 Mbuyu77
Kazi safi, mwalimu, lakini subiri. Kidole kwenye simu kinaweza kukosea sehemu 2 za kumi za sekunde. Kwa nzito, 26.8 badala ya 26.6 inakupa 330. Kosa la kidole ni kubwa kuliko tofauti uliyoipata. Unaweza kusema zinakaribiana. Huwezi kusema ipi imezidi.

#27 MwalimuGede
Kweli kabisa. Nitarudia kwa mapembeo 50, mara 5 kila moja. Kukaribiana kwake nakutetea.

#28 NairobiHadiPwani
Kama zinakaribiana, mbona bega linachoka na nzito peke yake?

#29 Fizio_Kilifi
Kwa sababu bega halizungushi tu, linabeba. Kati ya pigo na pigo mkono umenyooka, raketi inaning'inia. Na kwenye sevu unaipandisha yote juu ya kichwa, mpini pamoja.

#30 MpiraWaAlasiri
Kuna jambo jengine limenishangaza. Jana nimetoa gripu 2 kati ya 3. Mzani unasema 342. Mkono unasema imeongezeka! Kichwa kinavuta mbele, sevu inashuka yenyewe, lakini voli za haraka nachelewa. Nimeacha jirani aijaribu, yeye hajawahi kucheza tenisi, naye amesema hivyo hivyo: hii ya sasa ni nzito.

#31 KochaSaruji
Umetoa uzito upande wa mkono, mizania imehamia kichwani. Kama mwanzo ilisimama kwa sentimita 31, sasa itakuwa 31.6 hivi.

Sasa na mimi nimezidi kutojua cha kukuambia kuhusu Alhamisi, maana kuna nyuzi pia. Mgeni alizikaza ratili ngapi? Poliesta inalegea haraka hata ikiwa haichezewi. Nyuzi zilizolegea zinatoa mpira mrefu bila jasho. Huenda unashangilia nyuzi mbovu.

#32 MpiraWaAlasiri
Sijui alizikaza ngapi, na ameshaondoka.

Na watoto? Kuna binti wa miaka 13, ana mkono mzuri sana. Tangu Angella Okutoyi ashinde Wimbledon ya vijana 2022, wawili wawili pamoja na Nijkamp wa Uholanzi, mtoto huyu analala na raketi kitandani. Anaitaka hii nzito. Kila Jumamosi anaishika, anaizungusha mara 3, anairudisha kwenye begi langu taratibu.

#33 BintiMuyeye
Usimpe. Nakuomba.

#34 MzeeWaMbao
Mpe dakika 10 kila Jumamosi, kwa voli tu, karibu na neti. Sisi tulijengeka hivyo.

#35 KochaSaruji
Wadogo walio chini ya miaka 10 hakuna mjadala: raketi fupi na mipira laini, nyekundu, chungwa na kijani. Huyo wa 13 mimi ningempa ya urefu kamili, gramu 270 au 280, yenye uzito mpinini, tena nikae ubavuni kumtazama anapogonga mpira. Siku akigonga mbele ya mwili gemu nzima bila kuchelewa, tuongeze kidogo. Mzee, heshima yako, lakini mliojengeka ndio mliobaki tukiwaona. Walioumia waliacha.

#36 MzeeWaMbao
Hilo siwezi kulikana. Ndugu yangu aliacha kwa bega.

#37 MpiraWaAlasiri
Nitampa ile yangu ya 290, ila kwanza niongeze gripu mpinini kichwa kisimvute. Kiganja chake ni kidogo, kwa hiyo moja tu.

#38 NyundoYaKusi
Kabla hujampa, naihitaji siku moja. Alhamisi saa 10 na nusu, uwanja ule ule. Naleta kopo la mipira mipya. Seti ya kwanza utacheza na moja, ya pili na nyengine, na ya kuanza nayo nitachagua mimi. MwalimuGede aje na simu, KochaSaruji akae kwenye mstari wa nyuma aangalie bega lako linageuka lini. Kusi ikivuma tutacheza vivyo hivyo.

#39 MpiraWaAlasiri
Nakuja na zote mbili.